Kalamu ya Tete Barazani kwa Wakilindi

Bonde la mto Lwengera linaikata milima ya Usambara vipande viwili. Magharibi kuna Lushoto, Bumbuli na Vugha. Mashariki kuna Amani na misitu yake, kisha nchi ya Wabondei, kisha bahari. Magoma, kata ya wilaya ya Korogwe, imekaa humo kwenye joto la bondeni, mkonge huku na mahindi huku. Leo anayepita hapa ana haraka ya kufika Mashewa au kurudi Korogwe mjini. Baada ya mfalme Kimweri ye Nyumbai kufariki, mnamo mwaka 1862, bonde hili liligeuka kuwa ukingo wa vita vya muda mrefu. Magharibi walitamba watu wa Semboja, bwana wa Mazinde. Mashariki alijishikiza Kibanga, nduguye Shekulwavu, mfalme aliyepokonywa mji wake, Vugha. Aliyetumwa kutoka upande mmoja kwenda wa pili alishuka mlima, akavuka bonde, akapanda tena, na pengine alichobeba ni karatasi moja iliyokunjwa.

Karatasi kama hiyo ilikuwa na mwandishi wake, na kazi ya mwandishi huyo ndiyo ninayotaka kuitazama polepole. Miongoni mwa watu wa kalamu waliohusika na siasa za Usambara, aliyetuachia ushahidi mkubwa kuliko wote ni Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu wa pwani aliyekaa karibu na Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, akayaona mengi ya ugomvi wao kwa macho yake, na baadaye akaandika Habari za Wakilindi.

Ukimtafutia cheo cha leo utahangaika. Miaka ileile, huko Marekani, Abraham Lincoln alitoka kwenye uwakili wa mikoani Illinois akafika urais mwaka 1861. Alikuwa na leseni ya kazi yake, majengo ya mahakama ya kuingia na magazeti ya kumsifu na kumtukana. Usambara sheria ilikaa vichwani mwa wazee, na siasa ilifanyika barazani. Mtu wa sheria alikuwa yule anayekumbuka mashauri ya zamani, anayejua nani ni mjomba wa nani, anayeweza kusema mbele ya watu na kunyamaza mbele yao pia. Kalamu ilikuja ikawekwa juu ya ujuzi huo, na ndiyo maana nasema tuanze na kalamu.

Kalamu yenyewe bado inachongwa. Hapa Magoma yuko mwalimu wa chuo anayeandika makombe kwa zafarani, naye hataki kalamu ya dukani iguse sahani yake. Nilikaa mkekani nikamtazama akitengeneza mpya. Matete yake yalikuwa yamefungwa kitita na kuning'inizwa juu ya moshi wa jiko mpaka yakageuka rangi ya kahawa. Alichomoa moja, akaligonga kwa ukucha akisikiliza, akalirudisha. La pili vilevile. La tatu, lenye unene wa kidole cha mwisho, alilipima kwa shibiri, akakata ncha zote mbili, akapuliza ndani vumbi likatoka.

Kisu alichotumia kilikuwa kifupi, makali yake yameliwa na kinoo mpaka yakawa membamba kama jani. Mkato wa kwanza ulikuwa mrefu na wa mshazari, ukafungua tumbo la tete. Akakwangua nyama laini ya ndani mpaka ukabaki ukuta mgumu wa nje peke yake. Kisha akapunguza mabega ya kulia na kushoto, kidogo huku, kidogo huku, kila mara akiinua kalamu kwenye mwanga wa dirisha kuona kama pande zinalingana. Ufa wa katikati aliutia kwa kukandamiza tu, bila kusukuma. Ulisikika mlio mdogo, akaacha hapohapo. Ufa mfupi haushushi wino, ufa mrefu unaufungulia wote kwa pamoja.

Ulibaki mkato wa mwisho. Aliilaza kalamu juu ya kipande cha mfupa wa ng'ombe, akaweka kisu mshazari juu ya ncha, akakaa kimya kwa muda, kisha akabonyeza mara moja. Ncha ile ikawa bapa, imeinama kidogo upande mmoja, na ule mwinamo ndio unaofanya mstari wa kalamu uwe mnene ukishuka na mwembamba ukienda pembeni. Mkato huu haurudiwi. Ukirudiwa tete linachanika.

"Mwalimu, na ukikosea?"

"Natupa. Matete yako mtoni, mwanangu."

Kombe ni kazi ya zafarani na marashi, kwa sababu maandishi yake yataoshwa na kunywewa. Barua ilihitaji wino wa kudumu. Wino huo mweusi ulitokana na masizi ya taa na gundi ya mti, vikasagwa pamoja na maji kidogo kidogo mpaka chembe zote zikapotea. Masizi yasiposagwa vya kutosha, wino hukaa chini ya kidau na juu hubaki maji ya kijivu. Gundi ikizidi, mstari hung'aa siku ya kwanza na kupasuka baadaye. Ikipungua, kidole kikipita maandishi yanafutika. Ndani ya kidau huwekwa nyuzi au pamba ili kalamu inywe wino kwa kiasi, isichote. Wengi wetu tuliolelewa na kalamu ya dukani tumesahau kwamba zamani mwandishi alikuwa pia mpishi wa wino wake.

Karatasi ilikuja kwa bahari, ikapanda bara kwa misafara, na kwa hiyo haikuchezewa. Mwandishi mwangalifu alikuwa na ubao uliotandazwa nyuzi kwa nafasi sawa. Aliweka karatasi juu yake, akapitisha kidole kila penye uzi, na mistari ikabaki imebonyea bila tone la wino. Maneno yakizidi nafasi aliyageuza yakapanda ukingoni kwa mshazari. Barua za zamani za pwani zina desturi hiyo, na mtu asiyezizoea hulazimika kuizungusha karatasi mkononi ili amalize kusoma.

Halafu kuna ugumu ambao sisi tuliofundishwa herufi za Kirumi hatuufikirii. Herufi za Kiarabu hazina p, wala v, wala ch, na irabu zake ni tatu wakati sisi tuna tano. Mwandishi wa Kiswahili aliazima: ba ikabeba p, fa ikabeba v, irabu ya i ikabeba e, ya u ikabeba o. Kwa watu wa mwambao wanaojuana hilo halikuwa tatizo. Lakini mwandishi wa Usambara alikuwa anaandika majina ya Kishambaa, ya milima na ya watu, ambayo mpokeaji wa Pangani au Unguja hajawahi kuyasikia. Vugha iliyoandikwa kwa fa inasomeka Fugha, na wazungu wa kwanza waliiandika Fuga. Mwandishi hodari aliliweka jina geni ndani ya sentensi inayolieleza: mji wa mfalme, juu mlimani, mwendo wa kiasi fulani kutoka mahali fulani. Hapo ukikosea herufi, maana inabaki salama.

Barua yenyewe ilikuwa na ngazi zake. Kwanza jina la Mungu. Kisha mpokeaji na sifa zake, na hapo mwandishi alitembea kwa tahadhari, kwa maana sifa ni madaraka: ukimwita mtu kwa cheo ambacho hasimu wake anadai, umeshatoa hukumu kabla ya kuanza. Kisha salamu na dua. Kisha kuarifu kwamba barua yake imefika na yaliyomo yamefahamika. Ndipo linakuja neno amma baad, na baada ya hapo shauri lenyewe, mara nyingi kwa mistari michache kuliko salamu. Mwisho salamu tena, tarehe ya Hijria, jina la aliyeandika. Karatasi ikakunjwa ukanda mwembamba, ikagundishwa, ikapigwa muhuri.

Msomaji wa leo huona salamu zile ndefu kama kupoteza wino. Mimi naona ni uhodari. Barua ya mtawala haikusomwa peke yake chumbani. Ilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na wazee walisikiliza jinsi bwana wao anavyotajwa. Salamu ndiyo iliyoamua kama watakaa wasikie shauri au watasimama kwa hasira. Kwa hiyo mwandishi aliandika kwa ajili ya masikio: sentensi fupi zinazopumulika, jina la msemaji kila anapoanza kusema, jambo moja likamalizwa kabla ya kugusa la pili. Ukiisoma Habari za Wakilindi kwa sauti utaitambua mara moja mikono iliyozoea kazi hiyo.

Sura zake ni fupi, na karibu kila moja imejengwa kwa mazungumzo. Mtu anasema, anajibiwa, anatumwa, anafika, anaeleza alichotumwa. Mwanzoni unaweza kuchoka na wajumbe hawa. Baadaye unaelewa kwamba mwandishi anaendesha baraza ndani ya kitabu: kila upande umeitwa, kila mmoja amepewa zamu, na maneno ya mjumbe yanarudiwa ili yaonekane kama yamefika salama au yamepunguzwa njiani.

Chukua habari ya Mbegha, mwanzo wa kila kitu. Ndani yake kuna shauri la mirathi. Mbegha wa Ngulu anadai fungu lake, ndugu zake wanamkatalia kwa kuwa alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia. Anaondoka na mbwa wake, mkuu wa mbwa hao akiitwa Chamfumu, anakwenda kuwinda nguruwe Kilindi. Huko anafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa mji. Kijana yule anang'ang'ania kwenda naye mawindoni, nguruwe wanamuua, na Mbegha anakimbilia milimani kwa kuogopa lawama. Anafika Zirai, kisha Bumbuli, na mwisho Vugha, ambako watu wanamweka awe mkubwa wao.

Sasa fikiri kama mtu wa sheria. Swali ni zito: mgeni, mwindaji, aliyekataliwa kwao na aliyekimbia kifo cha rafiki yake, alipata wapi haki ya kutawala nchi ya watu? Abdallah analijibu kwa kupanga ushahidi, kipande baada ya kipande, bila haraka. Nguruwe walikuwa wakila mashamba, naye akawaua. Nyama aliigawa. Watu wakamletea magomvi yao, akayaamua wakaridhika. Akaoa kwao, na watoto aliowapata wakawa na wajomba kila upande. Njiani kwenda Vugha simba akaja usiku, Mbegha akamuua, na jina la Simba likamkaa yeye na waliomfuata. Hakuna mahali mwandishi anaposimama kusema basi ndiyo maana alistahili. Vitu vyote viko mezani, msikilizaji anafikia hukumu peke yake, akidhani ni yake.

Ufundi huo unapimwa vizuri zaidi anapofika kwenye nyakati zilizo karibu naye. Kimweri ye Nyumbai alitawala kwa miongo mingi, akaweka wanawe kuwa wakuu wa sehemu mbalimbali za nchi. Wageni walimwona. Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1848 na tena 1852. Burton na Speke walifika mwaka 1857 wakamkuta mzee mgonjwa. Wageni hao waliandika vizuri walichokiona kwa siku chache: njia, hali ya hewa, mavazi, ushuru. Kitu ambacho hawakuweza kukiona ni uzi wa nasaba, na uzi huo ndio uliokuja kukatika.

Mnkande, mrithi wa Kimweri, alikufa kabla ya baba yake. Ufalme ukamwangukia Shekulwavu, mwana wa Mnkande, kijana ambaye wakuu wa sehemu zake walikuwa ami zake. Hapo kuna kosa la kikatiba, kama tungelisema kwa lugha ya leo: mfalme ni mtoto wa wale anaowaamuru. Na mmoja wa ami hao, Semboja, alikaa Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara inayotoka Pangani kwenda bara. Waliokuwa juu Vugha walikuwa na heshima ya mvua na mashauri. Semboja alikuwa na bunduki, kwa sababu bunduki zilipita mlangoni kwake. Akaichukua Vugha, akamweka mwanawe Kimweri Maguvu awe mfalme, naye mwenyewe akabaki Mazinde penye biashara. Shekulwavu alitafuta nguvu kwa Wabondei, lakini Wabondei nao wakainuka na kuwatoa Wakilindi nchini mwao, katika maasi wanayoyaita Kiva.

Mwandishi aliyewajua watu wa pande zote mbili angeweza kuandika malalamiko. Abdallah anaandika mwendo wa shauri. Nani alimtuma nani, alijibiwa nini, nani alichelewa, nani alichukua ng'ombe ambao si wake. Chuki ya Semboja na mwana wa nduguye haitajwi tu kwamba ipo. Inakua mbele yako kwa vitendo vidogo, kila kimoja kikiwa na sababu yake, mpaka siku vita vinapoanza huwezi tena kuonyesha kidole mahali ambapo mtu mmoja angesema neno moja yote yakaepukika. Huo ni uvumilivu mgumu. Mtu aliyeona miji ikichomwa huwa na hamu ya kuruka hadi kwenye moto.

Hata hivyo tusimpake sukari. Baraza lake lina viti vya mbele, na vimekaliwa na Wakilindi. Mkulima aliyetoa kodi, mwanamke aliyetolewa kulipia faini ya ukoo wake, Mbondei aliyechoka: hawa husikika pale jambo lao linapogusa wakubwa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa Usambara akisikiliza wazee wa vijijini na kutoa kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974, alionyesha jinsi habari za Mbegha zinavyobadilika kulingana na anayezisimulia na anakosimulia. Abdallah alipata toleo la watu waliotawala. Alilifanyia haki kubwa, lakini ni toleo la upande mmoja, na msomaji aliyewahi kukaa barazani atajua kuuliza upande wa pili uko wapi.

Kazi yake ilichapwa Magila, kwenye mitambo ya wamisionari wa Kianglikana, kwa sehemu tatu, ya kwanza mwaka 1895 na ya mwisho mwaka 1907. Fundi wa chapa wa wakati ule alikuwa na uvumilivu wake pia: herufi za risasi zilichukuliwa mojamoja kutoka kwenye visanduku, zikapangwa kinyumenyume kwenye mstari, zikafungwa kwa kabari, zikapakwa wino, zikakandamizwa karatasini, kisha zikafunguliwa na kurudishwa kila moja mahali pake ili ukurasa unaofuata uanze. Majina yaleyale yaliyosumbua herufi za Kiarabu sasa yaliingia kwenye herufi za Kirumi, na v ikapata mahali pake.

Nchi nayo ilikuwa ikibadilika mkononi mwa mwandishi. Mwaka huohuo wa 1895 Semboja alikufa, na mwanawe Mputa akanyongwa na Wajerumani. Reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, hatua chache kutoka Mazinde. Sehemu ya tatu ilipotoka, mashauri makubwa ya Usambara yalikuwa yakiamuliwa na maofisa wa serikali ya kigeni, na bunduki za Semboja zilikuwa hadithi.

Kitabu kizima kilitolewa tena mwaka 1962 na shirika la vitabu la Afrika Mashariki mjini Nairobi, kikihaririwa na J. W. T. Allen, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1963. Mwaka huo huo wa 1963 sheria ya Tanganyika ilifuta uchifu, na Wakilindi wakawa raia kama wengine.

Nimewahi kusikia mwalimu wa historia akisema kitabu hiki ni kizito kwa wanafunzi. Sikubaliani naye. Kizito ni kukisoma kimya kimya na kwa haraka, kama gazeti. Kigawe kwa sauti darasani, mmoja awe Mbegha, mmoja awe mzee wa Bumbuli, mmoja awe mjumbe, na watoto wa kidato cha pili watakufuata mpaka kengele ilie. Kinachokosekana ni kitabu chenyewe. Nakala za mwaka 1962 ni adimu, na shule za Magoma, Mazinde na Vugha ndizo zingepaswa kuwa nazo kwanza. Wachapishaji wetu wakitoe upya, kizima, bila kufupishwa, na ukurasa wa nasaba ya Wakilindi uwekwe mbele kabisa, kwa sababu bila nasaba hiyo msomaji atapotea kabla hajafika kwa Semboja.